Ruhusa ya Kutoka Darasani

Boti ya moteri ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Baraka kwenda Ubwari. Sumaya, muuza samaki wa Ubwari, alisikiliza ugomvi wa abiria wawili waliokaa karibu naye: Vanessa, mwalimu mpya, na mzee mmoja mkufunzi aliyemfundisha ualimu.

"Papa, ku masomo hamukutuambia kama batoto batafika bila kujua Kifaransa," Vanessa alilalamika.

"Iko mu module ya pili," mzee akajibu.

Sumaya alijiuliza kama module hiyo ya mafunzo imewahi kufika Ubwari.

"Mulisema mutoto asijibiwe mpaka aombe kwa Kifaransa! Kasichana kamoja kaliomba kutoka, kwa Kibembe, mara tatu. Mi nikakaambia kakae. Kakajikojolea mbele ya benzake. Tangu siku ile hakajarudi ku masomo."

"We haukuelewa méthode, ile njia ya kufundisha."

"Méthode nilielewa, papa. Kale katoto ndiko sikukaelewa!"

Boti ikagusa mchanga, mzee akiwa bado anaeleza. Vanessa akamgeukia Sumaya.

"Mama, kwa Kibembe 'unisamehe' banasemaka namna gani?"

Sumaya akamwambia. Mwalimu akalirudia neno, akakosea, akajaribu tena huku akishuka majini, viatu mkononi.