Historia ya Dada Yetu Gundi, Aliyeziona Seli Zikitambaa

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wenzetu wa maabara, familia imenituma mimi mdogo wake wa kumfuata niyasome maisha ya dada, na mama amesisitiza nisiruke kitu.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mama fundi cherehani na baba mpaka rangi, nami nikafuata baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, nikayarithi magauni yake yote. Alianza shule Januari 1965, akawa wa kwanza darasani miaka yote saba, na mimi nilipoingia, walimu waliniuliza kama kweli tumetoka tumbo moja.

Alihitimu shahada ya biolojia mwaka 1982, na tarehe 1 Agosti 1984 akaajiriwa katika maabara ya damu ya chuo kikuu, akanikuta mimi nikiwa fundi pale, na mwezi haukuisha akawa mkuu wangu. Wanafunzi walimwita Gundi, kwa sababu alichunguza protini zinazogandisha damu, akishikilia kwamba kazi ya protini hizo haiishii kuziba kidonda, bali huzigusa pia seli za jirani, zikapata habari na kuanza kutambaa kuelekea penye jeraha.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji, mwalimu wa hesabu, ambaye, aniwie radhi, mimi ndiye niliyemwona kwanza, wakajaliwa mabinti wawili.

Sasa nafika mahali ambapo hata mama hapajui. Tarehe 11 Juni 1991 nilizichungulia seli zake kwa hadubini, nikaona zimeuvuka mwanya aliouchora kwa sindano katikati yake, mfano wa jeraha, sawasawa na alivyosema, na kwa wivu nikaziacha nje ya kabati la joto mpaka zikafa, nikamwambia umeme ulikatika.

Akasema, “Umeme haukukatika, mdogo wangu. Tuanze upya, na safari hii utachora wewe.”

Nilichora kwa wiki sita, ripoti ikatoka na jina langu karibu na lake, nami nikazidi kumchukia kwa wema huo.

Februari mwaka jana aliugua ini, na kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini zile, damu yake ikawa haikomi upesi, kila sindano ikaacha doa kubwa. Nilimwomba msamaha nikiwa nimembania pamba mkononi.

“Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kila nilipochora mwanya ule,” akaniambia. “Wako nimeuonea wivu tangu utotoni.”

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliotupokea mchana kutwa, na wafanyakazi wenzetu wa maabara. Dada, watu waliokuja leo ni wengi kuliko watakaokuja kwangu, na bado naona wivu. Pumzika, dada yangu, utulie.