Rangi ya Mlango wa Mama Célestine

Kijiwe cha Iliasi kiko nyuma ya soko la Kasongo, pale pikipiki zinapongojea abiria: ubao mmoja juu ya mapipa mawili ya mafuta, birika la kahawa, na vikombe vinne hata wakija watu kumi. Raphaël hukaa mwisho wa ubao. Wenzake humwita Kilometa, kwa sababu amefika Kindu, Bukavu na Kalemie, na hakuna safari ambayo hajawasimulia mpaka wakajua mashimo yake. Leo hakusimulia. Tangu Jumapili alikuwa na hasira iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumkalia. Jumapili hiyo, mbele ya kanisa zima, jina la Mama Célestine lilisomwa: atoke kwenye kwaya, akae benchi la nyuma miezi mitatu, arudishe sare. Kosa lake? Alionekana alfajiri juu ya pikipiki ya kijana wa Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na mume wake hayuko.

— Chadrack, ni wewe uliona. Uliona nini?

Chadrack ni fundi wa baiskeli. Jina lake la kijiweni ni Goudron, yaani lami, maana tangu ujana anaapa kwamba barabara ya lami ya Kabambare inafika mwezi ujao.

— Niliona kijana mbele, mama nyuma. Katikati muzigo, umefungwa mu kitenge. Muzigo mukubwa, Kilometa!

— Muzigo ya nini?

— Mimi sihukumu mutu. Lakini ngoma ya kwaya iko na ukubwa ule ule.

— Ngoma iko kanisani! Uliipiga wewe mwenyewe Jumapili, na uliipiga vibaya!

— Basi ni dhahabu.

— Dhahabu ya ukubwa ule? Pikipiki ingevunjika vipande viwili, mupumbavu weye!

Fidèle alikohoa. Ni mzee wa kanisa kama Raphaël, na wanamwita Nusu Aya, kwa kuwa huanza kila andiko na hafiki mwisho wake.

— Pengine ni mwanaume mwingine.

— Ndani ya kitenge?

— Shetani iko na mbinu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe ni sare ya kwaya!

— Mimi ni wa musikiti, alisema Iliasi akimimina kahawa, lakini ile methali inalia.

Raphaël alikipiga kikombe juu ya ubao.

— Yesu alisema nini? Ndugu yako akikosa, uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Akikataa, uende na mutu mumoja ao wawili. Akikataa tena, ndipo uambie kanisa. Sisi tulianzia kanisa! Tulijenga nyumba kuanzia bati!

— Na Paulo je? Alisema wenye zambi uwakemee mbele ya wote.

— Maliza, Nusu Aya! Kabla ya pale anataka mashahidi wawili ao watatu. Tena anasema juu ya wazee wa kanisa. Ni kusema mimi na wewe!

Fidèle alikunywa kahawa ambayo haikuwemo kikombeni.

— Unapiga kelele sana, Kilometa. Nani alisoma lile jina?

Ni Raphaël. Kamati ilimpa karatasi dakika tano kabla ya ibada, naye akaisoma kwa sauti yake ya Kalemie, ile ya kusimulia mawimbi ya ziwa. Hata alitua kidogo kabla ya kulitaja jina, ili watu wageuke. Wakageuka.

— Nilisoma tu, alisema.

— Na mimi niliona tu, alisema Chadrack.

— Na mimi, mu kamati, nilinyanyua mukono tu, alisema Fidèle.

Mama Célestine akatokea upande wa soko, macho mekundu ya kukesha. Aliweka sare kwenye ubao, kati ya Raphaël na Fidèle. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

— Jambo, wababa. Sare ndiyo hii. Kile kitenge cha siku ile kiko hospitali, kimemufunika mama yangu. Ni yeye alikuwa katikati. Hakuwa na nguvu ya kujishika, nikamufunga kwangu. Kijana ni mutoto wa dada yangu. Leo ni siku ya nane tuko pale.

— Mama, kama tungejua… alianza Chadrack.

— Ndiyo. Kama mungejua. Nina neno moja la kuuliza, kisha nirudi kwa mugonjwa. Sisi wote tunakaa kwenye njia moja. Mulango wa nyumba yangu uko na rangi gani?

Chadrack alimtazama Fidèle. Fidèle alitazama viatu vyake. Raphaël, aliyeweza kukutajia rangi ya kila ghala la bandari ya Kalemie, alihesabu: kutoka ua wake mpaka wa mama huyu ni nyumba tisa, na hakuwahi kupiga hodi kwake hata mara moja.

Mama aliwangojea. Kisha akaenda zake.

— Jumapili nitasoma tena! Raphaël alisimama. Majina matatu! Langu la kwanza, halafu yenu! Mbele ya wote!

Iliasi aliinamisha birika. Yalitoka machicha matupu. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, ya wawili peke yao:

— Kwanza mulango, Kilometa.