Historia ya Parfait Asukulu na ya Atakayembeba

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Troyeville, mafundi mliokuja na ovaroli kwa sababu mnatoka kazini, na wewe uliyekaa safu ya tatu na suti ya bluu, familia inawasalimu na kuwaomba mtulie, kwa sababu maisha ya Parfait Asukulu Lubunga yatasomwa yote bila kuruka palipo pabaya, na mwenye haraka alipaswa kubaki kwake.

Parfait alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Kavimvira, Uvira, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asukulu Lubunga, mwashi, na mama Apendeki, muuza mikate, na kwa baba alichukua mikono, kwa mama akachukua kichwa kigumu, akawa mtoto wa kulia kidogo na kuuliza sana, aliyeifungua redio ya baba yake akapigwa, akaifunga ikaimba, akapigwa tena kwa sababu safari hii iliimba katikati ya maombi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987 hapo hapo Uvira, akaenda Bukavu mwaka 1995 kusomea umeme katika shule ya ufundi, vita vikamtoa darasani mwaka uliofuata, akarudi vilipopoa, akamaliza mwaka 2002 na diploma yake, ambayo mama Apendeki aliitundika ukutani juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni aliyetaka kikombe cha chai alilazimika kuisoma kwanza.

Mwaka 2005 alivuka ziwa kwenda Kigoma, akashuka nchi baada ya nchi, akaingia Johannesburg mwezi wa pili mwaka 2006, na kazi aliyoipata ilikuwa ya sekyuriti Hillbrow, kwenye maegesho ya magari, kwa miaka ambayo yeye mwenyewe hakupenda kuizungumzia, ila siku moja tu ya Agosti 2012, theluji ilipoanguka mjini hapa na watu wakatoka madukani kuishangaa, akampigia simu mke wake akamwambia, Brigitte, toka nje uone, kuna mtu huko juu ananyonyoa kuku.

Brigitte Nabintu, msusi, mzaliwa wa Bukavu, aliolewa na Parfait tarehe 11 Desemba 2010, hapa hapa Troyeville, mbele ya wengi wenu mliokula pilau mkabeba na nyingine kwenye mikoba, na Mungu akawapa watoto wawili, Sagesse mwaka 2011 na Cédric mwaka 2015, ambao baba yao aliwasemesha Kiswahili wakamjibu Kiingereza, naye akasema haidhuru, mradi wakiitwa wanakuja.

Sasa turudi kwenye kazi, na hapo ndipo mnapopasubiri.

Mwaka 2014 Théodore Kashindi, mtu wa Uvira, mzee wa kanisa hili, alimwingiza Parfait kwenye kampuni alikokuwa nyapara, na hilo familia inalishukuru, na shukrani yenyewe inaishia hapo. Walianza kwa kufunga majiko na taa, hadi mwaka 2018 kampuni ilipopata kazi za hoteli za milimani, upande wa Drakensberg, ambako theluji huanguka kila baridi, ikajaa kwenye mifereji ya paa, ikayeyuka mchana, ikaganda usiku, barafu juu ya barafu, hadi mfereji unang'oka na kushuka na uzito wa ng'ombe. Dawa yake ni waya wa umeme unaolazwa ndani ya mfereji kuupasha joto, na waya huo una sanduku la kuuwasha na kuuzima, na sanduku lina kidude chake cha nje, kihisi, kinachoonja baridi na unyevu, ambacho lazima kikae mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, kwa maana kikisema kuna joto, sanduku linakiamini na kulala.

Katika hoteli ya kwanza walikosea wote wawili, Parfait na Théodore, na familia haifichi. Kitabu cha maelekezo cha kwenye boksi kilichorwa Ulaya, na picha ilionyesha kihisi upande wa kaskazini, maana huko kaskazini ndiko kivulini, nao ni watu wa Uvira, ambako jua hupita utosini na nyumba haina upande wa baridi, wakafuata picha kama ilivyo, kidude kikakaa kaskazini, ambako huku kwetu ndiko jua linakopita, kinaota jua kama mjusi, na mifereji ikaganda.

Waliporudishwa kuitengeneza, Parfait alisimama uani na chai yake asubuhi akatazama sakitu, ule umande ulioganda, nyeupe upande wa kusini tu wa nyumba, akakumbuka sare ya Sagesse aliyoianika Brigitte nyuma ya nyumba yao, inayoamka mwezi wa saba imeganda kama ubao, wakati shuka za mbele ziko laini, akacheka mpaka chai ikamwagika. Théodore naye alicheka, wakajiita wajinga wawili, wakahamisha kidude kusini, na tangu siku hiyo kila hoteli waliifunga hivyo, na hakuna mfereji ulioganda tena. Shikeni hilo neno, kwamba Théodore alikuwepo, alicheka, alijua.

Mei 2024 walikwenda kwenye hoteli nyingine ya milima hiyo hiyo, wakiwa na Nassir, kijana wa Tanga ambaye wote mmemwona nje akiegemea magongo, na Parfait aliweka alama ya chaki ukutani, kusini, chini ya ukingo wa paa, kisha akapanda darini kuunganisha sanduku. Upande wa kusini ulikuwa na utelezi, ngazi ilitikisika, upepo ulikata masikio, na Théodore, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kufunga kidude hicho kimoja tu, aliizungusha ngazi hadi upande wa jua, Nassir akamwambia, bosi, chaki iko kule, naye akamjibu, "Wee Nassir, picha si inasema kaskazini? Lete skrubu hapa, sharp, vidole vyangu si vya friji." Akafunga, akashuka, akafuta chaki kwa kiganja, na Parfait aliposhuka kutoka darini akauliza kama kila kitu kimekaa, aliambiwa kimekaa, na kwa kuwa aliyemjibu ni ndugu yake wa miaka kumi, hakuzunguka nyumba kukagua.

Hilo ndilo kosa la Parfait, kumwamini mtu, na hakuna jingine katika habari hii.

Septemba 2024 ilianguka ile theluji nzito mnayoikumbuka, iliyofunga barabara ya Durban na malori yakalala njiani, na hoteli ikapiga simu kwamba mifereji imejaa na waya hauna joto, wakaenda wote watatu, na Nassir alikuwa anasimamisha ngazi wakati mfereji wa upande wa kusini ulipong'oka na barafu yake yote, ukamvunja paja. Parfait alimchimbua kwa mikono mitupu, kucha zikatoka damu, na Théodore alikuwa kando ya bakie, lile gari la kazi, kisimu sikioni, anamweleza mwenye kampuni, na Parfait akiwa magotini kwenye theluji alimsikia kwa masikio yake akisema, "Ni Parfait aliyefunga. Mimi nilimwonya."

Aliachishwa kazi mwezi uliofuata, na hilo angelivumilia, kazi ni kazi, lakini neno lilifika Troyeville kabla yake, likaingia kanisani, likaketi saluni kwa Brigitte kati ya wateja, na wakampa jina, Barafu. Alipita mtaa wa Bertrams, mtu akaita kutoka dirishani, "Barafu, umeua nani leo?" Alikwenda kutengeneza swichi moja ya ukutani, swichi tu, kwa mama mmoja wa huko, hatumtaji, anajijua, yuko karibu na mlango, akamwambia, papa, usiniwekee kifo nyumbani. Na Sagesse alirudi siku moja kutoka shule akamwuliza baba yake kwa Kiingereza ni kweli alimvunja mtu, na Parfait, ambaye kwa kila swali alikuwa na maneno, siku hiyo aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kule kusini, kwenye baridi, mpaka Brigitte alipomfuata na koti.

Nassir alitoka hospitali ya kule milimani Januari 2025, akaja kwa magongo hadi mlangoni, akaeleza habari ya chaki na skrubu, na ndipo Parfait alipojua chaki yake ilivyofutwa. Alimchukua Nassir hadi kwa wazee wa kanisa, na baadhi yenu mlikuwepo, mkamwambia kwamba kijana huyu ni Mwislamu na hasali kwetu, na atashuhudiaje juu ya mzee wetu, na Théodore akafumba macho akasema, "Ndugu zangu, jambo hili tuliombee," mkaliombea, na jambo likafungwa kwa amina. Nassir, ingia, simama hapo waone mguu, hakuna anayekuomba usali.

Mwezi wa Machi 2025 tumbo la Parfait lilianza kujaa, akapelekwa hospitali ya serikali, wakaona ni saratani ya ini, imekwisha kuenea. Daktari alisema ini, hakusema Théodore, na familia imemwelewa daktari. Aliugua nyumbani na hospitalini kwa zamu, akakonda, akabaki macho na maneno, na Théodore alituma salamu kwa watu, alituma machungwa, yeye mwenyewe hakufika, na machungwa yalirudishwa na Cédric, mlangoni kwake, moja moja, kwa kuyaviringisha.

Siku chache kabla ya kufa alimwita Brigitte na ndugu zake akapanga maziko yake kama anavyopanga nyaya, nani aimbe, nani asiimbe, na walipofika kwa wabeba jeneza alitaja watano, kisha akasema wa sita ni Théodore, kishikio cha mbele, kushoto. Brigitte alilia akamwambia, Papa Sagesse, basi umemsamehe, naye akajibu, "Kusamehe nimemwachia Mungu, ana nafasi kuliko mimi. Mimi nataka anibebe." Akaagiza na kisanduku chake cha vifaa, kile cha chuma, chenye nyundo zote, kiwekwe ndani, miguuni, na fundi mmoja alipouliza kwa nini miguuni, alisema kwa sababu maiti hutangulizwa miguu.

Parfait Asukulu Lubunga alifariki tarehe 9 Agosti 2025, asubuhi, Johannesburg, sakitu ikiwa bado nyuma ya nyumba, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, ameacha mjane, watoto wawili, mama yake mzazi huko Uvira, na jina ambalo leo linarudishwa kwake mbele ya wale wale waliolichukua, na atakayeita Barafu tena mtaani, amwite mwenye nalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu walipoweza na kusema ukweli waliposhindwa, majirani wa uani mliopika na kuosha sufuria bila kuitwa, wasusi wenzake Brigitte mliofunga saluni siku tatu, mafundi wenzake ambao kila mmoja wenu leo anajua kihisi hukaa upande gani, na Nassir, aliyekuja na mguu mmoja na ukweli mzima. Tunamshukuru pia mzee Théodore, aliyeleta ujumbe jana kwamba angependa kutoa neno la faraja, na tunamjibu hapa kwamba kipaza sauti hakuna, maneno yake tulikwisha kuyasikia, lakini kazi ipo.

Gari la maiti linaishia getini, njia ya ndani imechimbika, na kaburi liko juu kabisa, mlimani, upande wa kusini, yeye mwenyewe alitaka huko, kwenye kivuli.

Parfait, mwana wa Asukulu na Apendeki, umemaliza, jina lako ni safi, pumzika kwa amani. Wewe Théodore bado. Vua hilo koti, njoo ushike.