Mbio za Magari, Kwetu Tu

"Mama Philip, mume akiwa na bibi mwingine kule mbali, hapa bado ni wangu tu?" jirani yangu Selpha aliwahi kuniuliza. Nilimwambia aombe.

Nilimkumbuka kwenye treni ya kutoka Thika. Kijana Khisa, aliyepakata mashine ya michezo ya televisheni kama mtoto mchanga, alikuwa akimweleza msichana wa kando yake kwamba ameuza ng'ombe wake wa kijijini Gatuanyaga kuinunua. Anafungua kibanda cha michezo mtaani Kimbo, karibu na Ruiru, na ubao umeshachorwa: MBIO ZA MAGARI, KWETU TU.

Msichana, Akello, karani, akacheka. "Mchezo huo mimi huucheza kwa kompyuta ya ofisi."

"Kompyuta ni ya barua, dadangu. Bosi wako ataita watoto wa Kimbo wacheze?"

"Lakini uko hata ofisini! Basi ubao wako unadanganya."

"Wacha! Mungu yuko kila kanisa, na kila pasta husema yuko kwake tu."

Nilitazama nje nisicheke. Kanisani mimi hukaa benchi la mbele.

"Haya," Akello akasema, "siku moja kompyuta zitafika Kimbo."

Treni ikasimama Ruiru. Khisa akaifunika mashine kwa koti lake, akashuka, nami nikamfikiria Selpha: mume ni wako tu hadi yule bibi wa mbali ahamie mtaani kwenu.