Kumuaga Mama Sabina, Aliyeturudishia Mabega Yetu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya. Sheikh Bashiri na Padri Privatus. Wauguzi na watumishi wote. Ndugu wageni waalikwa. Wenzangu wa mazoezi mliotoka Izigo, Bukoba mjini na visiwani. Na wewe Mama Sabina, ambaye leo umekalishwa kwenye kiti cha mbele usichokizoea: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za mchana, waitu, wapendwa wangu.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa. Mwanzoni nilikataa, kwa sababu kazi yangu ni kuuza samaki, na kule sokoni muuzaji akizungumza sana wateja wanadhani anauza samaki wa jana. Mganga Mfawidhi akaniambia, "Mama Mwamvita, eleza tu yaliyokupata." Basi nitaeleza hayo.

Nimezaliwa Kashai, nikaolewa na Jamali hapa Kagoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda visiwani kununua sangara na dagaa. Masika ya mwaka juzi, nikishuka na beseni langu mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, boti iliyumba mguu mmoja ukiwa tayari nchi kavu. Nilianguka, na bega la kulia likagonga ubao wa boti. Picha ya hospitali ilionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Nikamshukuru Mungu, nikaufunga mkono shingoni kwa kanga, nikautuliza. Niliutuliza kwa woga, wiki baada ya wiki, kwa sababu kila nilipoujaribu uliuma, na kila aliyekuja kunipa pole alinisihi niupumzishe. Siku nilipoifungua ile kanga, mkono ulikataa kupanda. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

Ndugu zangu, ni nani hapa amewahi kukaa akalifikiria bega lake? Mimi sikuwahi, mpaka niliposhindwa kuvaa gauni, kuchana nywele, hata kuanika nguo kambani. Jamali, yule pale anayeangalia chini, ndiye aliyekuwa akinifunga ushungi kila asubuhi, na wanawake wa sokoni walijua kabla sijawaambia, maana alinifunga kama anayefunga gunia la kahawa. Nilicheka pamoja nao. Lakini kwenye sala sikucheka. Nikitoa takbira, mkono mmoja unapanda na mwingine unabaki chini. Nikaacha kwenda msikitini. Nikawa nasali chumbani ili wenzangu wasinione.

Siku moja nikamwambia Jamali, "Mpe Agnes, yule anayenisaidia kuuza, meza yangu ya sokoni. Mimi nimekwisha."

Akajibu, "Nitampa. Lakini kwanza twende kwa yule mama wa mazoezi ya viungo kituoni. Akisema umekwisha, meza nitambebea Agnes mimi mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chumba kile cha mwisho, chenye ukuta wa bluu uliochakaa kwa vidole vyetu. Nilitegemea kuulizwa panauma wapi. Mama Sabina aliniuliza, "Unataka mkono huu ufanye nini?"

Nikasema, "Nataka kusali kwa mikono miwili."

Mama huyu ni Mkatoliki, mnamjua. Akasema, "Nionyeshe mikono inatakiwa kufika wapi." Nikanyanyua wa kushoto mpaka sikioni. Akatazama vizuri, akasema, "Ni karibu kuliko unavyodhani. Tutafika."

Tukaanza. Kuinama na kuuachia mkono uning'inie, uzunguke taratibu. Kusimama mbele ya ukuta na kuupanda kwa vidole. Kuvuta mabega nyuma kana kwamba unabana kalamu katikati ya mgongo. Baadaye kuvuta mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, kisha kunyanyua chupa ya maji, nusu kwanza, halafu iliyojaa. Nikiharakisha, alisema "mpola", yaani pole pole. Nikisimama, alisema "endelea". Mheshimiwa Diwani, kati ya maneno hayo mawili mimi nililia machozi mengi.

Na nikatoroka. Ndiyo, niliacha kuja. Nilijiambia kwamba chumba kile hakina lolote zaidi ya ukuta na mpira wa baiskeli. Mama Sabina akaja sokoni. Nikajua amekuja kunibembeleza, nikaandaa majibu. Hakutaja mazoezi hata kidogo. Alisema, "Nataka yule samaki mkavu uliyemtundika juu." Nikanyoosha mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa. "Huo sina shida nao. Nipe kwa ule mwingine."

Wateja wakageuka kutazama. Mkono ukapanda, ukapita kifua, ukapita kidevu. Samaki sikumfikia. Lakini wote tuliona ulipofika, na kesho yake nilikuwa ukutani.

Siwezi kusema ni siku gani hasa bega lilifunguka. Ninachojua ni kwamba Ijumaa moja nilirudi msikitini, imamu akatoa takbira, nami nikanyanyua mikono, yote miwili ikafika. Jirani yangu Mwajuma, tulipotoa salamu, alinishika bega akalibana kidogo. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu siku ile ya mwaloni.

Sikuwa peke yangu. Masele, mvuvi wa kisiwani, alikuja na bega linalochomoka, akauliza, "Mama, mimi navuta nyavu kila siku, huu mpira wa baiskeli utanifundisha nini?" Mama Sabina akamjibu, "Misuli yako mikubwa ina nguvu. Midogo inayolishika bega mahali pake ndiyo imelala. Tunaiamsha hiyo." Leo Masele yuko hapa, na wiki iliyopita alikuwa ziwani.

Sasa niseme kilichotunyima raha. Mama Sabina alipofikisha umri wa kustaafu, tuliambiwa hakuna wa kumpokea, na chumba kingegeuzwa stoo. Tungekwenda wapi? Mgonjwa wa Izigo asiyeweza kushika bomba la Hiace kwa mkono wake angesafiri mpaka wapi? Mama huyu akasema hataondoka mpaka mtu apatikane, akaendelea kuja, akiwa mstaafu, kwa viatu vile vile vya raba. Tulifurahi, na tuliona haya pia, kwa sababu yeye naye ana wajukuu na shamba la migomba linalomsubiri.

Jumatatu iliyopita mtu alipatikana. Mwanangu Eliud, mtaalamu wetu mpya wa mazoezi, simama wakuone. Tangu uliporipoti, mimi nalala vizuri.

Eliud, tutakusumbua. Tutakuambia inatosha wakati haijatosha. Usituhurumie haraka. Muulize kila mtu anautaka mkono wake kwa kazi gani, kisha msimamishe ukutani.

Mama Sabina, nenda ukapumzike, waitu. Chumba kina mtu, na mlango utafunguliwa kesho asubuhi. Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu na kwa kuvumilia maneno ya muuza samaki. Asanteni sana kwa kunisikiliza.