Mwalimu Jerusa Aliyewangoja Waliochelewa

Marehemu Mwalimu Jerusa Ogada alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa majani chai, Kericho. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kepher Ogada, fundi wa mashine kiwandani. Alisomea huko huko, akafuzu ualimu mwaka 1989. Mimi Beverly, mdogo wake, nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, nipende nisipende.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na Bwana Muturi, mwenye duka la vitabu Kapsoit. Wazee wa pande zote mbili walinuna kwa kuwa kabila halikuwa moja, kisha chakula kikapakuliwa wakasahau.

Mwaka 2012 alikabidhiwa uongozi wa shule ya upili huko Kimulot. Alimkuta Mwalimu Omosa wa hesabu, mtu wa bidii, aliyefunga mlango mara tu somo la kwanza lilipoanza. Waliobaki nje ni watoto waliochuma majani na wazazi wao kabla ya kuja shule. Mmoja wao, Rebeccah, alisema heri aache masomo.

"Madam, nikifungulia huyu, kesho darasa yote itachelewa," Omosa alilalamika.

"Uko na haki, Mwalimu. Siwezi kukupinga mbele ya watoto. Lakini kesho asubuhi pitia shambani kwa kina Rebeccah, umsaidie kuchuma. Darasa nitakushikia."

Omosa alichuma hadi mgongo ukagoma. Walipofika shuleni na Rebeccah, mlango ulikuwa umefungwa. Wakabisha. Jerusa akafungua, chaki mkononi.

"Karibuni. Tulikuwa tunawangoja."

Hakuna mwanafunzi aliyecheka, Jerusa alikuwa amewaonya. Wiki hiyo hesabu ilihamishiwa baada ya mapumziko, na hatimaye Rebeccah akamaliza kidato cha nne. Jerusa hakuisimulia habari hii kwa yeyote. Aliyeisimulia ni Omosa mwenyewe.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hospitali ya Longisa, ambako kila asubuhi aliuliza nani ana somo la kwanza. Alituacha Jumanne, tarehe 17 Juni. Tunamkumbuka sana, hata ule ukali wake. Muturi bado anamimina vikombe viwili vya chai.

Amewaacha mumewe, watoto wake Steve na Abigael, mimi mdogo wake, na wanafunzi wasiohesabika.

Ibada ya leo ilikuwa ianze saa nne. Mwalimu Omosa ndiye aliyetuomba tusubiri hadi wachumaji wapeleke majani kwenye kituo cha kupimia. Tumewangoja, na hakuna aliyenung'unika.

Pumzika kwa amani, Madam. Wote wameingia.