Ngoma Nyekundu za Gordon

Treni ya Butere ilikuwa haijafika Kisian, na tayari behewa zima lilijua kwamba Gordon Ogola ni mpiga dramu. Alipakata ngoma moja nyekundu ya kumetameta kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Alimweleza Mama Elsie, muuza mitumba wa Luanda aliyeketi mbele yake, kwamba ngoma hiyo ni ya seti iliyopigwa miaka ya sitini kwenye hoteli moja Kisumu. Hoteli ilipofungwa, ngoma ziliuzwa moja moja. Miaka saba amezitafuta, na sasa imebaki moja tu.

"Na bendi yako?" mama akauliza.

"Walichoka kungoja, wakaenda. Walitaka nichanganye na ya bluu, mama. Ya bluu!"

"Kwani watu wakicheza wanaangalia rangi?"

Gordon alimtazama kwa huruma. Mimi, niliyeketi kando yao, nilimhurumia Gordon, lakini kidogo tu.

"Hiyo imebaki, ni ile ya miguu mitatu?" mama akauliza. "Iko kwangu. Marehemu mzee wangu aliinunua hapo hotelini. Ngozi ilipasuka, nikaigeuza ngoma kiota. Sasa kuku amekalia mayai ndani."

Gordon akapiga magoti katikati ya behewa, ngoma mkononi. "Mama, nakuomba. Mtoe leo!"

"Nimtoe na mayai kumi na mawili? Bwana, huyo kuku anafanya kazi na ngoma moja. Wewe na zako zote umefanya nini?"

Treni ikasimama Luanda. Tikiti ya Gordon ilikuwa ya Maseno, kituo tulichokwisha kupita.